Kupanga Meza ya Mkwe Wangu

Kabondo, 9 Aprili

Mvua imenipokea. Nimefika kwa binti yangu Augustine nikiwa nyuma ya pikipiki, mfuko wa nguo mgongoni na sanduku la vitabu mapajani, na vitabu vimelowa kuliko mimi. Nyumba yangu ya Simi-Simi nimeifunga. Mume wa Augustine, Noël, alifariki mwezi wa kwanza, na nimeona si vizuri mjane mwenye watoto wawili akae bila mzee nyumbani. Augustine hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Karibu, Papa. Utalala salon," yaani sebuleni.

Nitaandika kama nilivyowahimiza walimu niliowafundisha miaka yote ile: hata siku isiyo na kitu ipate mstari wake.

10 Aprili

Sebule ina viti vinne, televisheni iliyokufa, na meza ya kazi ya Noël. Meza ndiyo inayotawala chumba. Ni ya mbao nyekundu ya lifaki, nzito, yenye droo tatu. Aliitengenezesha alipopata kazi ya mizigo katika uwanja wa ndege wa Bangboka. Mbao yenyewe haionekani. Kuna mabunda ya karatasi za mizigo, mizani ya kuning'iniza, simu zisizo na matumbo, betri, kikombe kilichojaa kalamu na misumari, miwani yake iliyofunguliwa juu ya gazeti. Vumbi limetanda juu ya vyote.

Kwa kuwa hakuna anayeigusa, kila kitu kingine cha nyumba kimekimbilia pembeni. Pasi ya mkaa iko dirishani. Beseni za mchele anaouza Augustine ziko chini ya viti. Gracia, ambaye ana miaka kumi na sita, anasomea kitandani. Jephté, mwenye miaka kumi na mmoja, anaandika akiwa amelala kifudifudi mlangoni, ambako kuna mwanga, na kila anayeingia humruka.

Huyo Jephté yuko darasa la sita. Mwanzoni mwa Julai atafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

12 Aprili

Niandike jambo hili vizuri, maana nyumba hii yote inaishi ndani yake.

Baada ya mazishi, ukoo wa Noël, watu wa mto kutoka Isangi, walikaa na kutoa maneno mawili. La kwanza, matanga yataanuliwa mwezi wa nane, wazee wote watakapoweza kupanda hadi Kisangani. La pili, mpaka siku hiyo hakuna kitakachotoka katika nyumba ya ndugu yao, si kiti, si mtoto. Siku ya matanga watakaa tena waamue Jephté atalelewa wapi, kwa sababu ndiye mtoto wa kiume. Mdogo wake Noël, Hubert, ameshasema wazi kwamba anamtaka kwake Isangi.

Tumaini la Augustine ni moja. Jephté ashinde mtihani Julai, aandikishwe sekondari hapa mjini kabla wazee hawajafika. Mtoto aliyekwisha kupewa nafasi katika shule nzuri, hata mzee mkali huona aibu kumng'oa. Nimemwambia kwamba hesabu yake ni sahihi. Basi kazi yangu mimi ni mtihani.

13 Aprili

Mvua. Umeme hakuna. Sombe, majani ya muhogo, na wali.

15 Aprili

Nimezungumza na Augustine kuhusu meza. Alikuwa uani akitwanga sombe.

"Mtoto haandiki sakafuni," nilimwambia. "Mgongo unapinda, mwandiko unapinda, mwishowe na akili inachoka. Na meza ipo."

"Papa, ile meza achana nayo kwanza."

"Kwanza mpaka lini?"

"Mpaka bazee ba Noël bakuye."

"Wazee watakuja mwezi wa nane. Mtihani ni mwezi wa saba. Hesabu mwenyewe."

"Iko mambo ya famille yabo," alisema. Aliwatazama watoto waliokuwa karibu, akaendelea kutwanga.

Nikamweleza kuhusu mwanga, ambao kwa mtoto anayetumia mkono wa kulia unapaswa kutoka kushoto ili kivuli cha mkono kisilale juu ya neno. Nikamweleza kuhusu miguu, kwamba mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hakai, anasubiri kuondoka. Nilipomaliza, mchi ulikuwa umenyamaza na yeye alikuwa ameshaingia jikoni.

Augustine alikuwa hivyo tangu utotoni. Vitu vilimzunguka hadi shingoni, naye akasema anajua kila kimoja kilipo.

18 Aprili

Jephté amekosea hesabu kwa sababu aliruka mstari. Sakafuni.

20 Aprili

Leo Hubert amepita. Sikuwa nimekaa naye tangu mazishi. Shati limepigwa pasi, Kifaransa chake ni safi, alisoma chuo kikuu miaka miwili kabla ya kuingia biashara ya samaki na mchele mtoni. Alileta kapu la samaki wa kukaushwa. Augustine alikuwa sokoni.

Alikaa, akamwangalia Jephté pale mlangoni.

"Papa bokilo," alisema, kwani ndivyo wanavyomwita mkwe kwa Kilingala, "mwalimu wa balimu iko hapa ndani, na mutoto anasomea chini sawa kuku?"

Nilicheka. Nilimwambia meza imejaa.

"Ile?" Aliiangalia kwa muda mrefu, hasa miwani. "Bon. Weye sasa ndiye mukubwa wa hii nyumba. Nani atakukataza?"

"Augustine anasema wazee wenu waje kwanza."

"Banamuke banaogopa kila kitu. Jephté ni mutoto ya nani? Ni ya kaka yangu. Nani atafurahi akifaulu? Ni miye."

Nilikuwa na picha nyingine ya mtu huyu. Nimemkuta mwenye adabu na mwenye kuelewa. Mara nyingi tunawahukumu wakwe kwa hofu za binti zetu.

21 Aprili

Mvua kubwa. Barabara ya mbele imekuwa mto.

24 Aprili

Nimepata fundi wa kupunguza kiti kimoja miguu na kutengeneza rafu ndogo kwa mbao za masanduku. Augustine sijamwambia. Kuna mambo ambayo mtu anayapenda akishayaona.

27 Aprili, Jumamosi

Augustine alikwenda sokoni mapema. Nikawaita watoto.

Naandika namna tulivyofanya, kwa sababu ni namna nzuri na inaweza kumfaa mtu. Meza haipangwi kwa kusogeza vitu juu yake. Kwanza unaitoa yote, mpaka mbao inabaki tupu, unaiosha, unaiacha ikauke. Ukisogeza tu, unahamisha fujo kutoka kushoto kwenda kulia. Vitu vyote vinawekwa mkekani, na kila kimoja kinashikwa mkononi, kwa kuwa macho yanadanganya. Kisha mafungu matatu: vinavyotumika, visivyotumika tena, na vya kuuliza. Fungu la tatu ni la lazima. Mtu akilazimishwa kuamua papo hapo anakasirika na kuacha kazi.

Jephté alifanya kazi kama mchezo. Alikuta sumaku ndani ya simu iliyokufa akavuta nayo misumari yote ya kikombe. Alikuta muhuri wa zamani wa mizigo, akajipiga nao mkononi, akaniambia mimi babu yake, "Koko, nimetumwa Kinshasa." Tulicheka wote wawili.

Gracia hakucheka. Alikuwa ameshika miwani ya baba yake.

"Koko, maman anajua?"

"Atajua akirudi."

"Koko, tonton mukubwa, ule muzee ya Isangi, alisema siku ya kuzika—"

"Gracia, mbao inakauka. Niletee kitambaa."

Mchana meza ilikuwa nyingine. Sijui kama nimewahi kuona mbao nzuri kiasi hicho. Tuliisogeza karibu na dirisha, mwanga ukawa kushoto. Upande mmoja wa Jephté na kiti chake kifupi, miguu imetua chini. Upande mwingine wa Gracia. Katikati kalamu, rula na taa ya jua, vitu ambavyo mkono unavitaka kila siku, basi. Vingine vyote kwenye rafu. Kila mtoto nilimtengenezea kasha lake la mbao lenye jina na kamba ya kushikia: vitabu, madaftari, sare ya mazoezi, vyote pamoja, ili asitafute chochote asubuhi. Vitu vya Noël visivyotumika nilivifunga katika gunia. Vya kuuliza niliviweka katika katoni.

Augustine alirudi mvua ikianza. Alisimama mlangoni na beseni kichwani, wala hakulitua.

"Miwani yake iko wapi?"

"Katika katoni. Ni ya kuuliza. Nilikusubiri wewe."

"Papa, umefanya nini."

Hakuuliza. Alisema tu, kama mtu anayesoma. Nikamweleza. Nilimwonyesha mwanga na miguu ya mtoto. Alitua beseni, akamwambia Gracia ashushe pazia na afunge dirisha lile lile tulilolitafutia mwanga.

"Mu famille ya Noël," alianza, "mutu akikufa, meza yake ya kazi—"

"Augustine," nilisema, "sisi ni watu tuliosoma. Meza ni mbao. Noël mwenyewe angefurahi."

Alinitazama kama vile nimeongea lugha ambayo yeye hakuijua, kisha akaingia chumbani. Chakula alipika Gracia.

28 Aprili

Nimeamka na kuikuta meza imejaa tena.

Alikuwa amefungua gunia na katoni na kurudisha kila kitu, kwa kumbukumbu: mizani kulia, simu mstarini, miwani juu ya gazeti. Hata vumbi alikuwa amejaribu kulirudisha. Niliona alama ya vidole vya majivu. Hilo lilinitisha kidogo. Nilisubiri aende kanisani, nikaitoa yote upya.

29 Aprili

Imejaa tena. Nimeitoa.

30 Aprili

Vile vile. Hatuzungumzi juu yake. Tunasalimiana vizuri sana.

2 Mei

Nimewaambia watoto kwamba mama yao bado hajapona, na kwamba kuna watu ambao huzuni yao inajificha katika vitu. Nimewaeleza kwa upole. Gunia nimelipeleka kwa fundi alitunze.

3 Mei

Meza tupu. Augustine alipita kando yake akaenda sokoni. Nimeshinda, na sikufurahi.

11 Mei

Jephté amepata themanini kwa mia katika jaribio la hesabu. Anakaa. Kila jioni kabla ya kula anarudisha meza kuwa tupu bila kuambiwa, na analisukuma kasha lake chini ya rafu kwa mguu. Mwandiko wake sasa unasimama.

Nimemwonyesha Augustine karatasi ya jaribio. Alimpapasa kichwa mtoto. "Sawa, Papa," alisema. "Iko muzuri."

14 Mei

Mvua. Kwanga, mkate wa muhogo, na samaki wa Hubert, wa mwisho.

19 Mei

Jirani, Mama Fortunée, mwanamke wa mto kutoka Yanonge, alikuja kuomba pasi. Pazia lilikuwa juu. Aliiona meza, akaweka mkono mdomoni.

"Mumeshatosha matanga?" alimwuliza Augustine kwa sauti ya chini. Kutosha kwao ni kuondoa.

"Hapana. Ni vumbi tu tulipangusa."

"Ah. Vumbi."

Aliondoka bila pasi. Nikamwambia Augustine kwamba wanawake wa mtaa wanapenda kufanya jambo kubwa kutokana na dogo. Alijibu, "Ndiyo, Papa," na kushusha pazia.

Nimeanza kuliona pazia hilo. Kila ninapolipandisha kwa ajili ya mwanga, yeye anapita na kulishusha. Nilidhani ni aibu ya fujo aliyokuwa nayo. Lakini fujo haipo tena.

28 Mei

Mvua zimepungua. Jephté anarudia Kifaransa. Gracia ananikwepa.

6 Juni

Hubert amepiga simu kwangu, si kwa Augustine. Aliuliza afya, akauliza masomo ya mtoto. "Na ile meza, Papa bokilo, ulifaulu?" Nikamwambia nilifaulu. Nikamweleza kidogo. "Très bien," alisema. "Tutakuya kuona."

Nilipomwambia Augustine, alikaa chini pale alipokuwa, juu ya gunia la mchele. "Tutakuya. Yeye na nani?" Sikuwa nimeuliza.

7 Juni

Asubuhi nilimkuta Augustine nyumbani kwa fundi, akiomba gunia. Fundi alikuwa ameshauza mizani na simu kwa chuma chakavu. Alidhani ni takataka. Ndivyo nilivyomwambia mimi nilipompelekea, ingawa humu niliandika alitunze.

9 Juni, Jumapili

Nitaandika polepole.

Walikuja watatu baada ya misa: Hubert, na wazee wawili wa ukoo wao waliopanda mto kwa ajili ya siku hii. Mkubwa wao anaitwa Papa Gédéon. Anatembea kwa fimbo na anasema Kilingala tu, ambacho mimi nakisikia nusu. Augustine aliwapa maji. Papa Gédéon alipokea glasi lakini hakunywa. Alikuwa anaitazama meza.

"Nani amepanga?" Hubert aliuliza, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kila mtu kusikia.

Augustine alisema haraka, "Ni miye. Nilipangusa tu."

"Hapana," nilisema. "Ni mimi."

Nililisema kwa fahari. Sitajificha katika karatasi yangu mwenyewe.

"Papa bokilo, tafazali, uelezee bazee vile ulifanya. Ni kitu nzuri sana. Miye nitatafsiri."

Nikaeleza. Nilisimama kando ya meza kama darasani. Nilieleza namna tulivyoitoa yote mpaka mbao ikabaki tupu, tukaiosha, tukaisogeza kutoka mahali pake. Mafungu matatu. Visivyotumika, nje. Hubert alitafsiri sentensi kwa sentensi, bila kuongeza wala kupunguza, na wazee wale walitikisa kichwa kila alipomaliza. Augustine alisema mara moja, "Papa, inatosha." Nilimwonyesha kwa mkono asubiri, nilikuwa sijafika kwenye mwanga.

Nilipomaliza, Papa Gédéon aliuliza swali moja. Hubert akatafsiri: "Vitu ya marehemu iko wapi?"

Nikasema nilivyobakiza viko katika katoni. Vingine havikuwa na kazi.

Mzee alitua glasi sakafuni. Alisema maneno machache, na wakati huu hata mimi nilielewa kabla ya tafsiri.

"Anasema," alisema Hubert, "kwetu, mutu akikufa, fasi yake ya kazi inabaki vile aliacha. Hapo ndipo matanga inakaa. Bazee ndio banatosha kitu ya kwanza, na siku hiyo matanga inaisha. Hapa mutu ameshatosha, ameosha na maji. Kwa hiyo matanga imeisha. Na ile neno ya kusema hakuna kitu itatoka, nayo imeisha."

"Mwezi wa nane," nilisema. "Mlisema mwezi wa nane."

"Sisi hatukugusa kitu. Nyinyi ndio muligusa."

Kwa haki, naandika kwamba Papa Gédéon hakuonekana kufurahi. Alionekana mtu aliyetukanwa, tena nyumbani kwa mtoto wake. Hakujua lolote zaidi ya alichoona na nilichomwambia. Hubert ndiye niliyemtazama. Alikuwa mtulivu. Nilikumbuka alivyoiangalia miwani siku ile ya Aprili, na alivyosema nani atakukataza.

"Wewe ulijua," nilimwambia. "Wewe ndiye uliyeniambia nipange."

"Miye? Nilikuambia weye ni mukubwa wa nyumba. Si kweli?"

Augustine alipiga magoti mbele ya mzee. Alisema kwa Kilingala, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Aliomba mtihani tu. Wiki chache. Baada ya mtihani watafanya wanavyotaka. Nilimsikia akitaja jina langu, na nikaelewa kwamba alikuwa anaomba kwa kusema mimi ni mtu wa Maniema, mgeni, na mzee, na sijui kitu. Nilitamani wamwamini.

Mzee alimwinua kwa mkono. Alisema mtoto wa mwanamke aliyefuta jina la mumewe hawezi kubaki hapo hata wiki. Shule zipo hata Isangi.

"Ameandikishwa hapa," nilisema. "Mtihani wake uko hapa."

"Alors, atafanya mwaka kesho," alisema Hubert. "Mutoto iko na miaka kumi na moja. Anaharakia wapi?"

Kisha aliinama, akavuta kasha la Jephté kutoka chini ya rafu, akaliinua kwa kamba yake kupima uzito.

"Vitu yake yote iko pamoja," alisema. "Papa bokilo, ulitusaidia kabisa."

10 Juni

Nilikwenda kwa mkuu wa mtaa asubuhi. Aliniuliza, "Marehemu ni wa kwao, Isangi?" Nikasema ndiyo. "Mutoto ni ya marehemu?" Nikasema ndiyo. "Basi ni mambo ya famille, mwalimu." Alinitolea kiti nikae. Sikukaa.

Mashua ya motori iliondoka mchana kutoka bandarini, imejaa magunia na mbuzi. Jephté alikaa juu ya kasha lake. Hakulia. Alikuwa amevaa sare ya shule kwa sababu mama yake ndiye aliyemvalisha, na nadhani alikuwa na maana yake. Hubert alitupungia mkono kama mtu anayeondoka kwenye sherehe.

Augustine alisimama pale mpaka mashua ikageuka kona. Mimi nilisimama nyuma yake. Sikuona la kueleza.

11 Juni

Hakuna.

12 Juni

Gracia amerudi kusomea kitandani. Nimemwambia meza yote sasa ni yake. Akasema, "Merci, koko," na akabaki kitandani.

15 Juni

Nimemwuliza Augustine kwa nini hakuniambia. Alikuwa anapepeta mchele. Sikumwuliza kwa hasira. Nilitaka kuelewa, maana nimejiuliza siku hizi zote.

"Nilikuambia, Papa."

"Uliniambia niache kwanza. Hukuniambia kwa nini."

"Nilianza. Mara ya kwanza batoto balikuwa pale, sikutaka Jephté asikie mambo ya kubebwa. Mara ya pili ulinikata. Mara ya tatu niliona heri nirudishe vitu tu, labda utaelewa kwa macho." Alitupa pumba. "Kila siku nilikuwa nangoja umalize kueleza, ili na miye niseme. Nikirudi soko nimechoka, na weye ulikuwa bado unaeleza."

Alipepeta beseni zima.

"Na pazia?" nilimwuliza.

"Ili batu basione."

"Ungepiga kelele. Ungenitukana."

"Weye ni papa yangu," alisema.

Nimewafundisha walimu kwamba mtoto anayenyamaza darasani ama hajui, ama anajua na hakupewa nafasi, na kwamba kazi ya mwalimu ni kutofautisha. Nilikuwa nalisema hilo kila mwaka, wiki ya kwanza, na walimu waliliandika.

18 Juni

Jua. Sombe.

22 Juni

Jephté amepiga simu kwa namba ya mvuvi mmoja. Mtandao ulikuwa unakatika. Alisema anakwenda na tonton Hubert kununua samaki visiwani, na kwamba amejifunza kushika usukani wa motori. Sauti yake haikuwa ya huzuni. Hilo limemuumiza mama yake kuliko kilio. Alimwuliza, "Unasoma?" Akasema, "Maman, huku bamefunga shule mbele ya wakati." Kisha simu ikakatika, na Augustine akaendelea kuishikilia sikioni.

25 Juni

Nimesikia kutoka kwa mtu wa bandarini kwamba Hubert alikuwa anatafuta kijana wa mashua tangu mwezi wa tatu. Mtu wa familia, asiyelipwa. Sijamwambia Augustine. Halafu nimemwambia. Alisema, "Najua, Papa."

30 Juni

Nimemwuliza kama anataka nirudi Simi-Simi. Alifikiri. Ninashukuru kwamba alifikiri, hakuharakisha. Alisema, "Baki mpaka mutihani ipite. Kisha tutaona." Sikumkumbusha kwamba mtihani hautuhusu tena. Labda alitaka niwepo siku hiyo, nione.

Julai, siku ya mtihani

Nilitoka asubuhi bila kumwambia mtu, kwa miguu, mpaka shule ambako watoto wa darasa la Jephté walipangiwa. Ndani hawaruhusu watu wazima. Nilisimama langoni pamoja na wazazi. Watoto walikuwa wamepangwa mistari, kila mmoja na kalamu mbili na rula mkononi, wengine wamenyolewa upya kwa ajili ya siku.

Mkurugenzi wa shule alitoka na karatasi na kuanza kuita. Aliyeitwa alijibu, akapanda ngazi, akaingia. Lilikuwa jambo la utaratibu mzuri, na nililifuata kwa jicho la kazi yangu ya zamani, sikuona kosa.

Alisoma jina la Jephté. Akainua macho. Akalisoma mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, akiangalia upande wa lango nilikosimama mimi. Mama mmoja kando yangu aliuliza, "Ni mutoto ya nani?" Kisha mkurugenzi akapiga mstari kwa kalamu na kuita jina lililofuata.